Watu Watano Ndani ya GB Mbili

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne kasoro robo asubuhi, Asteria alikuwa amepiga magoti kwenye kibaraza cha duka lake pale Ngokolo, mjini Shinyanga, akipuliza vumbi kwenye printa ya shule moja ya msingi. Gari jeupe likasimama mbele yake. Mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kitambaa alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoa sipiyu ya kompyuta na kuja nayo ameiegemeza kifuani. Asteria alizima bloa. Alikuwa amemtambua kabla hajavuka mtaro.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, fundi. Nimeambiwa wewe ndiye unayesema ukweli hapa mjini."

Alikuwa Bujiku, mwenye maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, upande wa Runzewe. Hapo Ngokolo alikuwa na nyumba nyingine, ya mke mdogo, na alikuja kila mwisho wa mwezi. Asteria alikuwa amemwona mara moja tu maishani, miaka miwili nyuma, kupitia kioo cha gari hilohilo, kwenye geti la machimbo yake. Bujiku hakumwona, kwa kuwa siku ile hakushusha kioo.

Aliiweka sipiyu juu ya meza ya kazi na kujifuta jasho.

"Hii inanitesa. Kuwaka tu nusu saa. Ukiandika neno, unaweza kwenda kunywa chai, ukirudi ndiyo linatokea. Halafu inanguruma kama karasha la kusaga mawe. Sasa niambie, niiongezee vifaa au niachane nayo ninunue nyingine? Barua zangu zote zimo humo."

"Iache niipime. Nitakupigia Ijumaa."

"Nikuandike nani kwenye simu?"

"Andika fundi."

Akaandika fundi, akaondoka.

Asteria alikuwa na utaratibu wake, na wateja walimheshimu kwa ajili ya utaratibu huo. Jambo la kwanza ni kuangalia madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Kama madabodi ni nzima na inapokea RAM zaidi, unaongeza RAM, unatoa diski ya kuzunguka, unaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na mteja anaondoka akidhani amenunua kompyuta mpya. Kama madabodi imechoka, humpotezei mtu muda wake. Unamwambia anunue nyingine, na ile ya zamani anakuachia iwe ya spea. Kwa njia hiyo Asteria alikuwa amejaza rafu mbili.

Alifungua skrubu nne na kuvuta ubavu wa sipiyu. Ndani kulikuwa na udongo. Hilo lilikuwa la kawaida kwa mashine zinazotoka machimboni, lakini udongo huu ulikuwa mbichi na mwekundu, wenye vipande vya miti iliyovunjika, na ulitoka mwingi. Alichota kwa kikombe mpaka akajaza beseni, akamimina nyuma ya duka, akarudi akajaza beseni la pili. Zakia, jirani yake aliyeuza chapati, aliuomba kwa ajili ya kupandia mchicha, naye akampa.

Udongo ulipokwisha, aliona alichotarajia. Madabodi ilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kapasita nne zilikuwa zimevimba vichwa. Pawasaplai ilinuka kuungua. RAM ilikuwa GB mbili. Jibu la kweli lilikuwa moja, na lilikuwa rahisi: nunua nyingine.

Aliunganisha nyaya, akaiwasha, akasubiri nusu saa kama alivyoambiwa. Kisha alifungua ukurasa mtupu ili ajaribu kibodi. Kabla hajagusa kitufe, herufi zilianza kutokea. Zilitokea moja baada ya nyingine, na kati ya herufi na herufi mtu angeweza kuosha sahani.

joto

Asteria alivuta kiti akakaa. Aliandika: Wewe ni nani? Jibu lilichukua muda mrefu kiasi kwamba alimhudumia mteja wa kudurufu vyeti na kumrudishia chenji yake.

Asitelia ni wewe

Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeandika jina lake hivyo. Miaka tisa iliyopita, Ndaki Nkwabi alikuja dukani kujifunza kuchapa ili aandike barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Alichapa kwa kidole kimoja, na aliandika kila jina kama lilivyotoka mdomoni mwake. Barua ilikwisha, kazi hakupata, lakini aliendelea kuja. Walioana mwaka uliofuata, wakapata mtoto wa kike, Noela. Kisha mvua zikawa mbaya miaka miwili mfululizo, pamba ikakauka, na Ndaki akaenda Runzewe kuchimba kwenye duara la Bujiku.

Duara lile lilititia siku ya Alhamisi saa nane mchana. Mchimbaji mmoja, Donatus, alikuwa amepanda juu kufuata maji ya kunywa, na ndiye aliyesema kwamba chini wamebaki watano. Bujiku alisema hapana, chini hakukuwa na mtu. Asteria na mama mkwe wake walifika Jumamosi. Mlinzi wa geti hakuwaruhusu kuingia. Aliwapa nakala ya ripoti iliyokwisha kugongwa muhuri, yenye sentensi moja iliyopigiwa mstari: Wakati wa tukio hakukuwa na mtu yeyote ndani ya duara. Nyuma ya mlinzi, trekta lilikuwa likisawazisha kifusi. Nakala ile Asteria aliitia kwenye mfuko wa plastiki, na kwa miaka miwili aliisoma kila asubuhi kabla hajafungua duka, kama watu wengine wanavyosoma maandiko.

Sasa alielewa kwa nini mashine ilikuwa nzito. Ripoti ile iliandikwa humo. Watu watano walifutwa humo, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine popote palipowataja, walibaki humo. GB mbili za RAM hazitoshi watu watano.

Aliuliza mko wangapi, ingawa alijua. Majina yalimaliza mchana mzima: Ndaki Nkwabi. Sikujua Bundala. Akida Ramadhani. Boaz Lutonja. Mihayo Kulwa. Lilipotokea la mwisho, muadhini wa Magharibi alikuwa ameshaanza kuadhini. Asteria alifunga duka akaenda kumpikia Noela.

Asubuhi alimpigia simu mama mkwe wake, Lusia, ambaye alikaa kijijini upande wa Kolandoto. Alimwambia tu kwamba Ndaki yuko dukani, ndani ya kompyuta ya Bujiku. Lusia aliuliza kama amekula. Alifika saa tano kwa basi, akiwa na kifurushi cha viazi vitamu vilivyochemshwa, akakiweka juu ya meza mbele ya skrini.

Lusia hakujua kusoma, kwa hiyo Asteria alimsomea.

"Mwambie shamba lake nimelilima," alisema Lusia. "Mwambie ng'ombe wa mahari ya dada yake wamefika salama."

Asteria aliandika. Jibu likaja polepole.

asante mayu

Aliposomewa kwamba ameitwa mayu, mama, Lusia aliweka mkono juu ya bati la sipiyu. Lilikuwa la moto, naye akalipepea kwa upindo wa kanga yake. Kisha akauliza mwenye mashine ameuliza nini, na Asteria akamweleza: anataka kujua aiongezee vifaa au anunue nyingine.

"Na wewe utasemaje?"

"Ukweli ni anunue nyingine. Hii imechoka."

"Akinunua nyingine, hii inakwenda wapi?"

"Inabaki kwangu."

"Basi mwambie ukweli," alisema Lusia. "Mwanangu aje nyumbani. Tumweke mahali pake, tumlilie, tumalize."

"Na Bujiku?"

"Huyo mwachie Mungu. Mungu anamwona."

"Mungu amemwona miaka miwili, mayu. Anabadilisha magari tu."

Asteria alikuwa mkwe mzuri. Hakuwahi kumwinulia sauti mama huyu, na hata siku hiyo hakuinua. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza wateja. Mashine ikibaki dukani, Ndaki atakuwa nyumbani, na Bujiku atakaa mbele ya kompyuta mpya, nyepesi, isiyo na mtu ndani. Ataandika barua zake kwa raha. Atalala. Lakini mashine ikirudi kwake na nafasi ya kutosha, RAM GB nane badala ya mbili, SSD badala ya diski ile inayotambaa, wale watano hawatahitaji mchana mzima kuandika majina yao. Watayaandika kufumba na kufumbua. Watayaandika kila mahali. Bujiku hatatuma hata risiti ya dizeli bila kuwatuma na wao.

"Nataka awaone kila siku," alisema Asteria. "Nataka asipate hata mstari mmoja wa peke yake."

"Muulize mwenyewe anachotaka," alisema Lusia.

Asteria aliandika: Unataka kuja nyumbani, au unataka kurudi kwa Bujiku? Walikaa wakisubiri. Zakia aliwaletea chai. Wanafunzi walikuja kuchapisha mitihani wakaondoka. Saa kumi kasoro, skrini ilikuwa na neno moja.

nafasi

"Anasema nini?"

"Anasema anataka nafasi."

"Si unaona?" alisema Lusia. "Kule nyumbani chumba chake kipo vilevile."

Lakini Asteria alikuwa ameshachukua kalamu, akaandika kwenye kikaratasi: RAM GB 8, SSD, pawasaplai, kapasita nne. Ili mama asiondoke mikono mitupu, alimwahidi jambo ambalo mwenyewe aliliamini. Angenakili kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda kwenye SSD. Mashine irudi kwa Bujiku na SSD, na diski ya zamani Lusia aichukue akaizike. Ndaki angekuwa kote kuwili. Hivyo ndivyo nakala zinavyofanya kazi. Kila wiki alizifanya.

Ijumaa alimpigia Bujiku.

"Tunaiongezea vifaa, mzee."

"Si nilisikia mashine za zamani bora kutupa?"

"Nyingine, ndiyo. Hii nitaitengeneza mwenyewe mpaka iridhike."

Bujiku alifurahi. Alisema hapendi vitu vipya, maana vitu vipya havijui kazi zake.

Asteria alitoa kapasita zilizovimba na kuchomelea nyingine. Hakuwahi kufanya kazi safi namna ile kwa mteja yeyote. Alipaka dawa mpya ya kupoza juu ya prosesa, akaweka feni kubwa zaidi, akazifunga nyaya kwa vibanio ili hewa ipite. Jumamosi saa mbili asubuhi aliunganisha diski mbili na kuanza kunakili. Mstari wa kijani ulisogea siku nzima. Saa kumi na moja jioni ulifika mwisho.

Alichomoa diski ya zamani, akahisi wepesi wake. Alikwenda nayo kwa Zakia, akaomba mizani ya unga. Diski ilikuwa na uzito wa kopo tupu la soda. Aliirudisha dukani akaiunganisha peke yake: hapakuwa na barua, hapakuwa na ripoti, hapakuwa na mtu. Akaiunganisha SSD, na papo hapo, kabla hajakaa vizuri, ukurasa ukajaa.

Asitelia hapa panafaa. Nimenyoosha miguu. Sikujua anasema asante. Boazi ameamka.

Watu wale hawakuwa wamenakiliwa. Walikuwa wamehama.

Bado angeweza kumpigia Bujiku na kumwambia mashine imekufa. Alishika simu, akaishika kwa muda wa kutosha skrini yake kuzimika. Halafu aliweka ubavu wa sipiyu mahali pake na kukaza skrubu nne.

Lusia alikuja Jumapili baada ya ibada kuchukua diski. Asteria alimpa. Mama aliifunga ndani ya kanga nyeupe, akaishika mapajani njia nzima. Watu wa ukoo walikuwa wamechimba kaburi dogo pembeni mwa shamba la pamba. Katekista alisoma sala yote bila kuruka, na wanawake walilia kama wanavyolia, kwa sauti ya juu, kwa zamu. Asteria alisimama karibu na Noela, akatupa konzi yake ya udongo juu ya kile kidude kisicho na mtu ndani. Lusia alilala vizuri usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Asubuhi alimwambia hivyo Asteria, akamshukuru.

Bujiku alirudi na mashine yake Runzewe. Habari zake zilimfikia Asteria kupitia kwa Donatus, yule mchimbaji aliyepanda juu kufuata maji. Donatus alikuwa na watoto wanne, kwa hiyo bado alifanya kazi kwa Bujiku; sasa alikuwa kwenye karasha, na pia alichapa karatasi za ofisi. Alimpigia Asteria karibu kila jioni.

Siku ya kwanza, Bujiku alichapa barua ya kuomba maji, na chini ya sahihi yake yakatoka majina matano. Aliyafuta, akachapa tena, yakatoka tena, safari hii kwa herufi nzito. Siku ya tatu yalitoka kwenye risiti za dizeli. Wiki iliyofuata, binti yake alikuwa na sherehe ya kuagwa, na kadi mia mbili zikatoka zikisema kwamba Bwana Bujiku, Ndaki Nkwabi, Sikujua Bundala, Akida Ramadhani, Boaz Lutonja na Mihayo Kulwa wanayo furaha kukualika. Wageni walikuja, wakala pilau, wakauliza wale wenyeji wengine wako wapi. Bujiku alisema wako kazini.

"Anakonda?" Asteria alimuuliza Donatus.

"Anakonda kidogo. Anatembea na mkasi mfukoni. Kila karatasi anaikata chini."

Wiki ile Asteria alikula vizuri. Alipaka duka rangi. Ile ripoti ya kwenye plastiki aliacha kuisoma asubuhi. Alikaa tu kwenye kiti akimfikiria Bujiku na mkasi wake, akikata, akikata, na majina yakipanda juu kidogo kila siku, kwa sababu Donatus alisema yalikuwa yameanza kupanda, mpaka yakawa yanagusa sahihi. Alimtakia mkono wenye malengelenge. Alimtakia afike mahali ambapo akiyakata majina, anakata na jina lake.

Mahali hapo palifika mwezi wa nane. Ofisi inayogawa vitalu vya kuchimba ilikuwa na afisa mpya, kijana aliyeitwa Feisal, mpole, mwenye miwani. Bujiku alipeleka maombi ya kitalu kingine. Karatasi haikukatika bila kuharibu sahihi, kwa hiyo aliipeleka nzima. Feisal aliisoma mpaka chini.

"Siku hizi vitalu hatuwapi watu binafsi," alisema. "Tunawapa vikundi, na kikundi kiwe na watu wasiopungua sita." Alihesabu kwa kalamu. "Ninyi naona tayari mko sita."

Bujiku aliyatazama yale majina. Donatus, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiyasoma.

"Ndiyo," alisema Bujiku. "Hao ni wenzangu."

Mkasi aliuacha palepale juu ya meza ya Feisal.

Mkutano wa kukithibitisha kikundi ulifanyika Jumatano, machimboni, ndani ya ofisi ya mabati. Donatus alimpigia Asteria Jumanne, naye akapanda basi la alfajiri, ripoti yake mkobani. Safari hii mlinzi wa geti alimfungulia, kwa sababu alisema yeye ni fundi wa kompyuta. Jenereta lilikuwa linaunguruma. Mashine ilikuwa juu ya meza, imefutwa vumbi, na spika mbili ndogo pembeni. Feisal alitaka kusoma orodha moja kwa moja kwenye skrini. Karibu watu ishirini walikaa kwenye mabenchi.

"Nikiita jina, mwenye jina aitike," alisema Feisal. "Bujiku Malale."

"Nipo."

"Ndaki Nkwabi."

"Nipo," ilisema spika ya kushoto. Ilikuwa sauti ya Ndaki, ya asubuhi, kabla hajanywa kitu.

Feisal aliweka alama ya vema. Aliita Sikujua, akaitika. Akida aliitika, kisha Boaz. Mihayo ilibidi aitwe mara mbili, kwa sababu alikuwa na sauti ndogo. Watu kwenye mabenchi walisikiliza kama watu wanavyosikiliza orodha, wakisubiri iishe.

Asteria alisimama.

"Mimi ni Asteria, mke wa Ndaki Nkwabi. Mume wangu amekufa. Hawa wote watano wamekufa. Walifia ndani ya duara la huyu bwana, na wakafukiwa humo chini bila kutolewa."

Bujiku alimtazama. Alimtazama kwa muda, akijaribu kukumbuka, kisha akafungua simu yake na kuangalia jina alilomwandika.

"Pole sana, mama," alisema Feisal, na alimaanisha. "Kama mwanachama amefariki, nafasi yake inakwenda kwa mke na watoto. Kanuni iko wazi. Una cheti cha kifo?"

"Hawakunipa cheti. Walisema hakukuwa na mtu chini."

"Nani alisema?"

Asteria alitoa ripoti kwenye plastiki. Feisal aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akaangalia muhuri kwa mwanga wa dirisha.

"Hii ni halali," alisema. "Inasema hakukuwa na mtu yeyote ndani ya duara. Kwa hiyo mumeo hakuwemo. Na sasa hivi ameitika mwenyewe, sote tumesikia." Aliwageukia watu wa mabenchi. "Mmesikia?"

"Tumesikia," walisema.

"Donatus," alisema Asteria. "Wewe ulikuwepo."

Donatus aliinuka nusu. Alimtazama Bujiku, akatazama karasha kupitia mlangoni. "Nimesikia na mimi," alisema. "Ameitika." Akakaa.

Feisal alimrudishia Asteria ripoti. Aliandika kwenye daftari lake, akisoma kwa sauti ili asikosee: mke wa mwanachama mmoja alihudhuria. Kisha kitalu kikatolewa. Watu walipiga makofi, wakatoka nje kwenda kuonyeshwa mipaka.

"Fundi," alisema Bujiku, wa mwisho kutoka. Sauti yake haikuwa na ubaya. "Ulifanya kazi nzuri. Mashine hii imenifungulia njia." Akamwacha peke yake ofisini, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kumficha.

Asteria alikaa mbele ya kibodi akafungua ukurasa mtupu.

Kwa nini umeitika?

Jibu lilitokea kabla hajaondoa kidole.

Niliitwa jina langu. Miaka miwili hapana mtu aliyeniita kwa sauti. Nimeshindwa kunyamaza.

Wamesema uko hai, aliandika.

Nimesikia.

Niliwarudisha huku mumtese. Sikutaka mumpe kitalu.

Sisi tuliandika majina tu, Asitelia. Ndiyo kazi tuliyoweza.

Asteria aliweka mikono mapajani. Jenereta lilipunguza sauti, likapandisha tena. Halafu aliandika kitu ambacho hakuwa amekusudia kukiandika.

Mama yako amekuzika. Kando ya pamba. Wote walikuja.

Kwa mara ya kwanza tangu apate SSD, Ndaki alichelewa.

Amezika nini?

Alama ya kuandikia iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika. Asteria alitafuta neno moja, akapata mengi, hakuna lililofaa. Hatua zikasikika nje kwenye kokoto. Alifunga ukurasa. Mashine ilimuuliza kama anataka kuhifadhi yaliyoandikwa, naye akabonyeza hapana.

Bujiku alichungulia mlangoni.

"Iko salama?"

"Iko salama," alisema Asteria.

Alichukua mkoba wake akatoka. Kwenye shimo la zamani lililoachwa ndani ya kitalu kipya walikuwa wameshafunga kamba, na wachimbaji wanane, tochi vichwani, walikuwa wakishuka mmoja baada ya mwingine.